Kitambaa cha Nguzo Mama

Nilifika kwa Bi Jamaliah jua likiwa limeinama, kwa kazi ndogo tu. Mwanawe alimwekea king'ora cha wezi kisha akarudi zake Singapuri. Tangu hapo vihisi, vile vidude vya milangoni na vyumbani visivyo na waya, vilikuwa vikipoteza mawasiliano ovyo. King'ora kinalia bure, na mtaa mzima hapa mjini Kuala Kangsar unalaani.

"Bora wezi kuliko hilo dude," bibi alinipokea. "Na wewe mwanangu, na tumbo hilo, mumeo hana kazi?"

"Rosdi anapika, Bibi. Fundi ni mimi."

"Heri yako. Wangu hakujua hata kuchemsha maji."

Nilicheka. Mimba tatu za mwanzo ziliharibika. Hii ilikuwa imevuka mwezi wa saba, nami niliilinda kama mboni ya jicho.

Tatizo nililiona mara moja. Mtambo mkuu ulikuwa umebanwa kati ya jokofu na kabati la chuma. Chuma huzuia mawimbi. Mlango wa nyuma ungesikikaje? Mtambo ulitakiwa ukae katikati ya nyumba, juu. Na katikati ya nyumba zetu za mbao za zamani ipo nguzo mama, ile inayosimamishwa kwanza. Hii ilikuwa imevishwa kitambaa cha manjano, fundo juu ya fundo.

Kutoboa sikuthubutu. Kwetu mjamzito hatoboi wala hapigi msumari, mtoto asije akazaliwa na kilema. Basi nikafanya ujinga mwingine. Nikafungua kile kitambaa, nikakitumia kuufunga mtambo kwenye nguzo.

Bi Jamaliah alinitazama tu.

Simu yangu ikaonyesha kila kihisi kimeshika barabara. Nikakusanya vifaa. Adhana ya magharibi ikaanza ng'ambo ya mto... ikakatika katikati.

Nikavuta mlango wa mbele. Komeo lilikuwa wazi, lakini mlango haukuja. Nikakimbilia jikoni, kwenye mlango wa nyuma, bibi akinifuata pole pole. Nao vilevile. Madirisha vilevile. Simu, kimya.

Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka chini ya sakafu, kama kaburi linachimbwa.

Mtambo ukatangaza kwa sauti yake ya kike: "Kuna mtu ukumbini."

Sote wawili tulikuwa jikoni.

"Kuna mtu chumbani."

Mbao zikalia... zikanyamaza... zikalia karibu zaidi.

"Kuna mtu jikoni."

Sikuona mtu. Ila mtoto tumboni alijikunja upande mmoja, kana kwamba anampisha mwingine.

Sijawahi kuogopa vile. Nikarudi mbio kwenye nguzo, nikavua mtambo, nikafunga kitambaa kama kilivyokuwa. Fundo likafunguka. Nikafunga tena. Likafunguka.

"Usijisumbue," bibi alinong'ona nyuma yangu. "Mama yangu ndiye aliyemfunga hapo huyo jini wa ukoo. Mimi nimemlisha mayai na bisi za mpunga maisha yangu yote. Nimechoka, mwanangu. Mwenye naye hafi mpaka apatikane wa kumpokea."

"Si umpe mwanao!"

"Unadhani alikimbilia Singapuri kwa nini?"

"Bibi, nihurumie. Nina mtoto."

"Ndiyo maana amekupenda. Sema tu umempokea. Mlango utafunguka."

"Nisiposema?"

Kitu cha baridi kikagusa kitovu changu, chini ya nguo... taratibu... kama kiganja cha mkunga. Kikaanza kubonyeza.

"Nimempokea!"

Adhana ikaendelea pale pale ilipokatikia. Mlango ukafunguka wenyewe. Nilipogeuka, Bi Jamaliah alikuwa ameketi chini, ameegemea nguzo, macho ameyafumba. Nilimshika mkono. Ulikuwa umeshapoa.

Majirani walisema ni uzee. Ustadhi niliyemwendea alinisomea dua, akasema huenda ni uchovu wa mimba, lakini alinisindikiza kwa macho tu, akiwa mbali.

Nilijifungua salama, binti mzuri asiye na kasoro. Naogopa, lakini sijuti. Rosdi humsifu binti yetu mbele ya kila mtu, eti mtoto wetu hana usumbufu.

Akilia nikiwa jikoni, naacha kila kitu nakimbilia chumbani. Sijawahi kuwahi. Nakuta bembea yake ya kulalia imeshaanza kusukumwa, pole pole, naye anacheka, amenyoosha mikono juu. Nikimwita jina lake, hageuki.