Jina Nililokataa Kulitaja Langoni

Nilimwahidi mama kwamba mdogo wangu hatakaa na njaa kifungoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwalimu niliyehitimu chuo cha misheni, nikifundisha katika shule ndogo kwenye miteremko ya Meru. Niliamini kwamba mtu mwenye imani havunji ahadi...

Mdogo wangu alikuwa ametoroka kazi ya kulazimishwa ya barabara, karibu na mto Usa. Askari walimkamata, wakamtia mnyororo shingoni, wakampeleka boma la Wajerumani, Arusha. Mama aliniuliza maswali mfululizo. Je, wanapewa chakula? Wanalalia nini? Atarudi lini? Nikamwambia nitauliza yote.

Kesho yake asubuhi nikashuka na kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, chakula alichokipenda tangu utoto. Langoni walisimama wanawake wengi wenye vibuyu. Utaratibu ulikuwa rahisi: unataja jina la mfungwa, karani anatazama daftari, askari anapokea chakula.

Nikataja Petro, jina alilopewa siku ya ubatizo, miezi mitatu tu kabla ya hapo. Karani akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Hayupo.

Siku ya pili, hayupo. Siku ya tatu, mama mmoja aliyesimama nyuma yangu akanigusa bega.

"Mwalimu, hilo la kanisani nani analijua humu? Taja la nyumbani, mtu ale!"

"Mama, lile tulilizika siku ya ubatizo," nikamjibu.

"Basi mzike na hiyo loshoro!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Katika msururu ule walikuwamo wazazi wa wanafunzi wangu. Ningewezaje kulipaza jina la zamani mbele yao, mimi niliyewachapa watoto wao kwa kuitana majina ya aina hiyo? Nikarudi na kibuyu kimejaa. Nikamwambia mama kwamba bado wanamtafuta daftarini... Nilijiambia kwamba huo si uongo.

Siku ya sita nikashindwa. Nikamwinamia karani, nikasema kwa sauti ya chini: Lemburis.

Kidole kilisimama mara moja. Alikuwamo tangu siku ya kwanza! Lakini asubuhi ya jana yake walikuwa wametolewa, yeye na wenzake, kwa miguu, kuelekea Tanga.

Hakurudi. Mtu aliyefungwa naye, alipoachiwa, alikuja kutueleza kwamba homa ilimuua njiani. Mama akauliza kama alikuwa akila pale bomani. Yule mtu akasema kwamba wasioletewa chakula waligawana uji kidogo. Kisha akaongeza kwamba Lemburis hakulalamika hata siku moja. Aliwaambia kaka yake ni mwalimu, labda ana kazi nyingi shuleni.

Mama hakulia. Alinitazama tu. Nami sikulia, na hadi leo sijaweza... Nafundisha. Nakula. Nalala. Watoto wakiitana majina ya nyumbani, siwachapi tena.

Nimejifunza nini? Kwamba niliilinda heshima yangu, nikaiita imani.

Ndugu msomaji, mtu wako akifungwa, nenda langoni wewe mwenyewe. Taja kila jina analojulikana nalo, la kanisani, la nyumbani, hata la utani. Wasikilize wanaosimama nawe msururuni. Tafadhali, usirudi nyumbani na chakula chake.