Uzi wa Njano Juu ya Lusiola

Kila asubuhi, akishakama ng'ombe, Nekesa alipitia kwenye mti wa lusiola ulio kando ya ua wa vichaka. Ulipandwa na marehemu mume wake, Osiako. Kiangazi kilikuwa kikali, na majani yake yalipauka na kupukutika. Mti huu ukifa, atamwonyesha nini binti yao Mildred, ambaye hakumjua baba yake?

Lakini nyuzi za njano za mmea uliotambaa juu ya ua zilinenepa tu. Mama mkwe wake, Nasambu, alizitoa huko Matete akazitandaza pale, ili boma lipendeze wageni watakapokuja kuzungumza mahari ya binti yake Dorothy. Wapita njia walisifu. Sasa nyuzi zilikuwa zimepanda lusiola.

Nekesa hakuelewa. Alitafuta mizizi ya nyuzi zile, hakuiona. Alitafuta majani, hakuna. Kitu kisicho na mzizi wala jani kinashibaje wakati wa ukame? Alimwagilia lusiola maji ya kuoshea vyombo. Nyuzi zikazidi kunenepa. Akazing'oa kwa mikono, akazitupa juu ya ua wa vichaka ulio nyuma, karibu na choo. Haukupita muda, nao ukageuka njano. Hapo alichanganyikiwa kabisa.

Jirani yao Emily, anayesomea kilimo Bukura, alikuja kuazima jembe. Nekesa akamweleza yote. Emily alivuta uzi mmoja polepole. Ulikuwa umeng'ang'ania tawi kwa vijino vidogo vilivyoingia ndani ya gome.

"Mama Mildred, jani ni jiko," alisema. "Kijani chake kinashika mwanga wa jua. Linachukua maji ya mizizi, na hewa kupitia vitundu vidogo, linaupikia mti chakula."

"Na ukame?"

"Maji yakipungua, mti unafunga vile vitundu usikauke. Basi unapika kidogo. Lusiola ni wa hapa kwetu, unajua kuvumilia. Lakini huyu mgeni hana kijani cha kujitosheleza. Anakulanga tu kwa sahani ya mwenyeji."

"Kwa hiyo yale maji yangu..."

"Ulimnywesha yeye pia."

Na kipande cha uzi, alieleza, hakihitaji udongo. Ukikitupa juu ya mmea hai, kinauma tena. Njia ni kukata matawi yote yenye uzi kabla haujatoa mbegu, kuyakausha mahali patupu, kuyachoma mbali na nyumba, kisha kukagua mara kwa mara.

Nasambu alikataa. Wageni wanakuja Jumamosi, boma likae kama kuku aliyenyonyolewa? Nekesa hakubishana. Alimpeleka kwenye lusiola, akamwekea kidole juu ya vile vijino. Mama mkwe alivipapasa kimoja kimoja.

"Huu ni wa Osiako," alisema mwishowe. "Lete panga."

Jumamosi wageni walikuta visiki vya ua, na jivu kwa mbali. Mzee mmoja akauliza uko wapi ule ua wa dhahabu aliousikia.

"Tumeuchoma," Nasambu akajibu. "Ulikuwa unakula bila kupika. Dorothy wetu anapika."

Wageni wakacheka, isipokuwa mzee yule. Baadaye alimwita Nekesa kando, akamnong'oneza kwamba nyuzi kama hizo ziko juu ya mparachichi wake. Aanzie wapi? Nekesa akamwonyesha, tawi kwa tawi.

Mvua iliponyesha, lusiola ulichipua. Nekesa alimwinua Mildred aone. Mtoto akanyoosha mkono achume jani.

"Liache, mama," Nekesa akamwambia. "Hilo linapika."