Upinde Uliokazwa

Saa tano kamili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha dobi kilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Kobe alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, chaki mkononi. Juu ya kitambaa cha meza alikuwa ameichora karakana nzima: mlango, ukuta, meza ya kazi, pazia la nyuma. Walimwita Kobe kwa sababu shingo yake ilizama ndani ya kola ya koti, ikatoka tu alipokasirika.

"Fundi anafunga saa sita na nusu," alisema. "Anatoka kwenda kula. Anarudi saa saba na nusu. Mama Gia kamwangalia siku nne."

"Hajawahi kunipiga chenga," alisema Mama Gia, dereva wao, macho kwenye kucha zake.

"Ukutani kuna pinde arobaini za kupigia fidla. Thelathini na nne ni za wanafunzi. Takataka. Sita alizichonga marehemu mzee mwenye karakana kwa mkono wake. Mnunuzi anataka hizo sita tu."

"Zina alama?" aliuliza Mama Gia.

"Hazina. Mzee alikuwa na maringo. Ndiyo maana tuna huyu."

Wakamgeukia mtu aliyekaa juu ya kapu la mashuka. Walimwita Singa, kwa ajili ya singa za mkia wa farasi alizozifunga kwenye pinde kwa miaka tisa. Aliyemfundisha kazi alikuwa huyo huyo marehemu, mjomba wake, ndugu wa mama yake. Fundi wa sasa ni binti wa mjomba. Kwa maneno mengine, Singa alikuwa anakwenda kuiibia nyumba iliyomlea. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza.

"Mlango wa nyuma?" aliuliza Kobe.

"Mjomba aliupigilia misumari zamani."

"Vizuri. Una dakika nane. Chukua sita, usiguse kingine. Mimi nakaa mlangoni. Dakika ya tisa naingia, na mimi huwa siingii mikono mitupu." Akapapasa koti.

"Hakutakuwa na mtu ndani."

"Basi huna cha kuogopa."

Alichokiogopa Singa hakikuwa mtu. Lilikuwa neno.

Mjomba alikuwa na ubao mmoja mwekundu, alioachiwa na mwalimu wake. Aliukausha miaka thelathini. Kila asubuhi aliupitishia kidole, akasema bado. Miti ya namna ile haikatwi tena. Singa, na haraka zake za ujana, akauuza kwa mchuuzi wa mbao, akanunua pikipiki ambayo haikumaliza mwaka. Kesho yake mjomba alisimama katikati ya karakana, akauliza neno moja.

"Nani?"

Singa akanyamaza. Binti wa mjomba akamtazama, akaelewa yote. "Ni mimi, baba," akasema. "Niliuchoma nikiwasha jiko. Sikujua."

Mjomba hata hakumgeukia. Alimtazama Singa, akangoja. Akangoja mpaka chai ikapoa. Jioni ile Singa akafunga virago, na mjomba alipokufa miaka mitatu baadaye, hakwenda kuzika. Mwili ulizikwa. Neno halikuzikwa. Mpaka leo Singa alilisikia mlango ulipobishwa, simu ilipoita, usingizi ulipoanza kumchukua. Nani?

Saa sita na dakika thelathini na nane.

Kitasa kilikuwa kile kile. Waya mmoja, msokoto mmoja, kikaachia. Singa alipenyeza mkono kwanza, akaushika ulimi wa kengele ya juu kabla haujalia. Akaingia. Kobe akabaki nje akijifanya anasoma tangazo ukutani.

Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine. Spiriti ya taa ya kupindia mbao. Vumbi la mti. Ulimbo wa kupaka singa. Aproni ya mjomba ilikuwa bado kwenye msumari wake, mabega yametuna kana kwamba mwenyewe yumo. Singa akaipita akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayempita mkwe.

Akaenda ukutani. Akashusha upinde, akaulaza juu ya kidole kimoja, akafumba macho. Si huu. Mwingine. Si huu. Wa tano ukatulia kidoleni wenyewe, mwepesi, hai. Huu. Akauweka kwenye sanduku. Dakika nne, sita zote ndani. Mikono yake ilikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomuuma.

Akageuka kuondoka. Hapo akauona.

Upinde mmoja ulikuwa peke yake juu ya meza ya kazi. Umekazwa. Singa zimenyooka, tayari kupigwa.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja. Upinde ukimaliza kazi, unalegezwa. Ukiachwa umekazwa, mti unachoka, unapinda, unakufa. Kwa hilo mjomba, aliyekuwa hajui kumchapa mtoto, alikuwa anapiga kofi. "Hata mti unalala," alikuwa akisema. "Nani kauacha hivi?"

Nani?

Singa akatazama nyuma. Aproni tu. Usiguse kingine, alisema Kobe. Lakini mkono una akili yake. Aliuokota ule upinde, akashika skrubu ya kisigino chake, pale mwisho wa fimbo, akazungusha. Mizunguko mitatu, nusu kurudi, kidole gumba kikibana fimbo, vile alivyofundishwa. Skrubu ikalia kidogo. Singa zikalegea.

Pazia la nyuma likasogea.

"Mitatu, nusu kurudi," sauti ya mwanamke ikasema. "Baba alisema hutaweza kuupita."

Singa akageuka. "Dada."

Binti wa mjomba alisimama pale, miwani juu ya paji la uso, mikono inachuruzika maji. Nyuma yake kulikuwa na beseni la singa zinazooshwa, na kipande cha mkate kilichoumwa.

"Umetoka kwenda kula," alisema Singa, kijinga kabisa.

"Nanunua mkate, narudi kwa nyuma. Misumari niliing'oa mwenyewe, nilikuwa nakosa hewa." Akauelekezea kidevu upinde. "Kila asubuhi naukaza, kila jioni naulegeza. Mwaka wa tatu huu. Ndiyo wasia wake. Alisema, siku akirudi, mkono wake utamtaja, maana mdomo ulishindwa."

"Ni wa nani?"

"Wako. Alimtafuta yule mchuuzi mpaka akampata. Ubao ulishauzwa, kilibaki kipande. Kilitosha upinde mmoja."

"Kwa hiyo alijua."

"Tangu siku ile. Alikuwa anangoja useme tu, ndugu yangu. Basi."

Singa akalia. Hakujua analia mpaka alipoona dada yake analitazama sanduku, kisha uso wake, kisha sanduku tena.

"Kumbe hukurudi," dada akasema polepole. "Umekuja kuiba."

"Mlangoni kuna mtu ana bastola. Zimebaki dakika mbili."

Saa sita na dakika arobaini na nne.

Alifungua sanduku, akamlundikia dada yake pinde sita kwenye aproni aliyovaa. Akarudi ukutani, akanyakua sita za wanafunzi bila kuchagua, akazipanga mahali pake, akafunga.

"Huyu hajui tofauti," alinong'ona. "Mnunuzi ndiye anayejua, na yuko mwendo wa saa moja. Tukikata kona, toka kwa nyuma. Nenda kituo cha polisi na hizo pinde. Usilale hapa."

"Tutoke wote. Sasa hivi."

"Akikuta sipo atatufuata. Ana gari, sisi tuna miguu."

"Na huko mkifika? Huyo mnunuzi akifungua?"

Singa aliuweka ule upinde wa saba juu ya aproni, juu ya zile nyingine, akaupapasa mara moja.

"Dada, kesho usiukaze."

Akafunga pazia mbele ya uso wake.

Kengele ikalia. Kobe akaingia, mkono ndani ya koti. Akatazama ukuta, meza, sakafu. Karibu na pazia kulikuwa na matone ya maji, mabichi.

"Hayo?"

"Bomba linavuja. Tangu nilipokuwa mdogo."

Kobe akapiga hatua moja kuelekea pazia. Shingo ikaanza kutoka kwenye kola. Singa akafungua sanduku. "Sita," akasema. "Unataka kuzihesabu au unataka kuondoka?"

Kobe akahesabu. Sita. Shingo ikarudi ndani.

Saa sita na dakika arobaini na nane.

Mama Gia alipokata kona, alitupa jicho kwenye kioo. Kwenye kichochoro nyuma ya karakana, mwanamke alikuwa anakimbia, kakumbatia aproni kama mtoto mchanga. Macho ya Mama Gia yakakutana na ya Singa kwenye kioo kile kile. Kusema ni kukiri kwamba siku nne aliulinda mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Akabadilisha gia, akakaza mwendo.

Kobe alikuwa anapiga mluzi. Singa aliweka sanduku mapajani, akahesabu. Sasa dada amefika barabara kubwa. Sasa amepata gari. Sasa yuko kaunta ya polisi, anaeleza, hawamwelewi, anaeleza tena.

Saa saba na dakika hamsini.

Mnunuzi alikuwa mzee msafi, mwenye vidole virefu. Aliwakaribisha sebuleni, akafungua sanduku kwa adabu. Akatoa upinde wa kwanza, akautazama kwa jicho moja kutoka kisigino hadi ncha. Akaurudisha. Wa pili hakuumaliza. Wa tatu hakuutoa.

Alivua miwani.

"Nani?" aliuliza. "Nani kachagua hizi?"

Chumba kikanyamaza. Singa aliujua ukimya huo. Alikuwa ameubeba miaka sita. Shingo ya Kobe ikatoka kwenye kola, taratibu, na mkono wake ukaingia ndani ya koti. Mama Gia akasogea mbali na Singa, akaenda kusimama ukutani.

"Ni mimi, mjomba," alisema Singa, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.