Sahihi Kwenye Mahesabu ya Mnara

Walikutana adhuhuri kwenye foleni ya duka la kuchapisha michoro, watu wamebanana. Mhandisi, shati jeupe limenyooshwa vilivyo, alikuwa ameushika mchoro wa mnara wa kukeneka, ule wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha. Dada wa nyuma yake, gauni la kijani, aliuchungulia akacheka.

"Samahani kaka, umechukulia vimiminika vyote viwili vinahitaji joto sawa kugeuka mvuke?"

"Ndivyo tunavyorahisisha. Kwani wewe ni polisi?"

"Mkaguzi wa mahesabu. Afadhali polisi."

Basi wakapendana, tena wakapendana kweli. Dada akahamia kampuni ya mhandisi, akawa ndiye anayekagua kazi zake. Mchana walipigiana simu kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, ilhali ofisi zao zilitenganishwa na ukuta mmoja.

Kisha ukaja mnara mkubwa. Vimiminika vyake vilitofautiana mno kwa joto la kugeuka mvuke, na kurahisisha kusingefaa. Ilibidi joto lipigiwe hesabu sahani kwa sahani, yaani kila ngazi ya ndani ya mnara, kuanzia chini hadi juu. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Mteja alitaka kesho. Mhandisi akapiga simu.

"Kipenzi, weka sahihi tu."

"Joto umelipigia hesabu, sahani zote?"

"Nimepiga. Huniamini?"

Hilo ndilo swali la kumfunga mtu mdomo. Dada alisaini bila kufungua kurasa, na hapo alikosea, sitamtetea.

Mnara ulipowashwa, mvuke haukutosha na kilichotoka juu kilikuwa kichafu. Kikaoni mkurugenzi alimuuliza mhandisi. Yule bwana aliinamisha macho mezani, akasema mahesabu yalikaguliwa. Ni kweli, sahihi ya mkaguzi ilikuwepo. Dada akanyang'anywa muhuri wa ukaguzi, na kazi yake ikaishia hapo.

Jumapili mhandisi alikuja nyumbani kwao dada, na pete mfukoni. Alisimama mlangoni akaeleza kwamba aliogopa, kwamba angemwambia, kwamba waoane wasahau.

"Ungeniambia hujapiga, ningekaa nikakupigia mwenyewe. Wiki mbili, bila kulala."

"Kwa hiyo hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana inaniuma hivi. Nenda."

Akafunga mlango. Mama yake akauliza kutoka jikoni ni nani yule.

"Mtu wa kazini, mama," akajibu, na kazi yenyewe hakuwa nayo tena.