Umenipandisha Superga

"Twende chini tukaone makaburi ya wafalme, mpenzi. Tiketi ninazo," Gualtiero alisema, huku anamvuta mkono.

Delfina alikuwa kwenye ngazi ya kwanza ya kushukia chini ya Superga, kanisa la juu mlimani, simu ilipolia. Ujumbe wa Ornella, dada yake Gualtiero.

"Wifi, eti mko Superga? Mmerogwa? Wachumba wakipanda huko pamoja hawaoani, mtoto gani wa Torino asiyejua hilo? Shukeni haraka!"

Aliusoma mara mbili. Miaka minane ya uchumba! Mara kazi, mara nyumba, mara bibi mgonjwa, mara bibi kafa. Na sasa hili.

"Gualtiero."

"Naam."

"Binamu yangu alipobatiza mwanawe hapa, ulikataa katakata kupanda. Tulikaa stesheni kule chini saa tatu nzima."

"Nilikuwa na kizunguzungu."

"Kizunguzungu cha wapi! Ulisema wachumba hawapandi Superga. Wewe, ambaye ukiona gari la maiti tu unakimbilia kushika chuma ukinge mkosi! Leo umeniamsha mwenyewe, treni umeniwahisha mwenyewe."

"Ni imani za wazee tu hizo, Delfi."

"Tangu lini?"

Mkono wa Gualtiero ulikuwa mfukoni, unatafuta funguo ashike chuma. Delfina aliuona, moyo ukampasuka paa.

"Yesu na Maria! Hutaki kunioa."

"Sijasema hivyo."

"Ndiyo! Hujasema! Umenileta huku mlima ukusemee!"

Mzee wa kukagua tiketi mlangoni alikohoa.

"Taratibu, binti. Wafalme wamelala."

"Waache walale, mzee wangu! Mimi mwenyewe nimelala miaka minane!"

Gualtiero alishusha sauti.

"Nilishindwa, Delfi. Kila nikitaka kukwambia, wewe unataja ukumbi, mama anatoa mashuka ya harusi anayapiga pasi. Nikasema tukipanda, pengine mambo yatavunjika yenyewe, bila mtu kulaumiwa."

Iliuma jamani. Angekuwa na mwanamke mwingine, angalau Delfina angepata wa kumtukana. Na bwege huyu alikuwa anampenda, hata pale pale alipokuwa anatamani kumzaba kibao.

Alivua pete, akamtia kiganjani.

"Kwa hiyo tumeachana?" Gualtiero aliuliza, na pumzi zilimshuka kama mtu aliyetua gunia.

"Tumeachana wapi! Wewe hata kuniacha kumekushinda. Mimi ndiye ninayekuacha. Na watu wakikuuliza, ole wako usingizie Superga. Utasema Delfina kaniacha."

"Delfi, watu wanatutazama…"

"Na watutazame. Sema!"

Gualtiero alimtazama mzee wa mlangoni, kama atamwokoa. Mzee akajitia kuhesabu tiketi.

"Delfina… kaniacha."

"Haya. Kumbe mdomo unao," Delfina alimwambia, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.