Dakika Mbili za Salamu

Asubuhi za likizo, Mwelu alifagia uwanja, akawapa kuku maji, kisha akanywa chai kwa mhogo wa kuchemsha. Wiki hiyo alikuwa na kazi nyingine pia: kukaa kwenye benchi la zahanati ya kijiji chao, karibu na Msambweni, akiwa na saa ya babake na fomu za kaunti. Mwalimu Roselyne alikuwa amemchagua kupima huduma. Kaunti ilikuwa na daktari mmoja wa kuongeza, naye angepelekwa kwenye zahanati ambayo wagonjwa walisubiri zaidi.

Fomu ilitaka mambo mawili: saa mgonjwa alipofika na saa alipohudumiwa.

Abdulaziz, karani wa mapokezi, hakuruhusu mtu avuke kizingiti bila salamu.

"Karibu, Mama Kaingu! Hujambo? Watoto hawajambo? Na yule mbuzi wako mwizi?"

"Hajambo! Jana kala leso ya jirani."

Benchi zima likacheka. Mwelu akaandika: amefika saa mbili na dakika tano, amehudumiwa saa mbili na dakika saba. Nyumbani kwao, mgeni aliyesalimiwa vizuri ameshahudumiwa.

Kufikia adhuhuri alikuwa na watu thelathini.

"Dakika mbili kila mtu!" Abdulaziz alisoma juu ya bega lake. "Nani atatushinda? Fomu hiyo tutaitundika ukutani!"

Mwelu akatabasamu hadi masikioni. Kando yake aliketi Bi Kahaso, mzee aliyevimba mguu.

"Na mimi umeniandika vipi, mjukuu wangu?"

"Dakika mbili, bibi."

"Mbili! Nimekaa hapa tangu asubuhi. Salamu nimepewa, alhamdulillahi. Lakini mguu wangu haujasalimiwa na mtu."

Watu wakacheka tena, ila Mwelu hakucheka. Alitazama benchi. Wale wa asubuhi bado walikuwepo, wakimsubiri daktari mmoja tu. Akipeleka hesabu hizo, daktari mpya atakwenda kwingine. Akasimama.

"Mjomba Abdulaziz, nimekosea. Nitaanza upya."

Uso wa karani ukabadilika. "Yaani unichongee? Kaunti itasema mimi ni mvivu!"

"Wewe si mvivu, mjomba. Salamu zako nitaziandika peke yake na matibabu peke yake. Wataona mchelewesho uko wapi."

Abdulaziz alikuna kidevu. Mwishowe akafungua droo, akamtolea rula. "Haya, chora safu ya tatu. Lakini uinyooshe, isije ikaenda kama barabara yetu!"

Siku mbili zilizofuata Mwelu alipima upya. Salamu: dakika mbili. Kumwona daktari: muda wa saa tatu na nusu.

Mwezi uliofuata daktari wa pili, Bi Mwendwa, alifungua mlango wa chumba kilichokuwa stoo. Bi Kahaso aliporudi kuangaliwa mguu, hakumaliza hata nusu saa.

"Nilitaka kumalizia kisa changu," alilalamika, "nao wameshaniita!"

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu Roselyne aliinua fomu zote mbili mbele ya darasa, ya makosa na ya kweli.

"Ya kwanza ilitusifu," alisema, "ya pili ikatuletea daktari. Mwelu aliona kosa lake akalisahihisha, ingawa alijua mtu anayempenda atakasirika. Mnapopima kazi ya watu, andikeni ukweli. Anayeficha mahali panapouma hatibiwi."