Shanga za Maku na Narh

Kila asubuhi kabla ya shule, Maku alimsaidia mama yake kutwanga chupa zilizovunjika ziwe unga wa kutengenezea shanga, kama nyumba nyingi za mji wa Odumase zifanyavyo. Karakana ya jirani ilikuwa ya mjomba wa Narh, mwanafunzi mwenzake, na mama hakuchoka kunung'unika: "Wale wanaiba michoro yetu." Ndiyo maana Maku alipopangwa kundi moja na Narh, alimtazama kwa jicho la pembeni.

Siku hiyo Madamu Lawer alifundisha jinsi seli inavyotengeneza protini. Kila kundi liliigiza kazi hiyo. Maagizo halisi, msururu wa herufi, yalifungiwa kabatini, kwani hata kwenye seli hayatoki ndani ya kiini. Maku aliyanakili palepale kabatini, kila T akiiandika U kama seli ifanyavyo, akampelekea Narh karatasi. Narh, aliyeigiza ribosomu, sehemu ya seli inayounda protini, alisoma herufi tatu tatu, na kwa kila tatu akatunga ushanga wa rangi iliyotajwa kwenye jedwali. Mkufu usio na kosa ungeonyeshwa kesho mbele ya wazazi.

Narh alipomaliza mkufu, Madamu aliulinganisha na ule aliokuwa ameutunga mwenyewe. Shanga mbili za kwanza zilikuwa sawa. Kuanzia ya tatu, zote zilikuwa tofauti.

"Amezibadilisha makusudi!" Maku alifoka. "Alibaki peke yake wakati wa mapumziko. Ukoo wao tunaujua! Mtoe kwenye kundi letu, Madamu!"

"Ukoo wangu umefanya nini?" Narh aliuliza. "Nimetunga ulichoniletea, dada. Tena mwishoni zilibaki herufi mbili tu. Nilitaka kukuuliza, ukanikazia macho."

Madamu alifungua kabati, akaziweka karatasi mbili sambamba. "Maku, kwenye maagizo halisi kuna T ngapi zilizofuatana hapa?"

"Nne."

"Na U ngapi kwenye nakala yako?"

Maku alihesabu mara mbili. "Tatu," akanong'ona. Uso ulimshuka. "Nisamehe, Narh. Nimekutukana wewe na watu wenu."

"Haya, andika upya, kengele inakaribia," Narh alisema. "Safari hii usininunie."

Maku alinakili polepole, Narh akihakiki kila herufi. Mkufu wa pili ulilingana na wa Madamu.

"Herufi moja iliruka, zilizofuata zikasogea, na kila tatu zikaita ushanga mwingine," Madamu aliliambia darasa. "Mwilini, kosa kama hilo laweza kuleta ugonjwa. Ribosomu haina mdomo wa kuuliza. Narh alikuwa nao, na shaka ya Maku ikamnyamazisha. Kagueni kazi ya mikono yenu kabla ya kumshuku mwenzenu."